Fani na Maudhui ya Mabwawa ya Leça

Mhakiki wa fasihi huchunguza jinsi fani na maudhui vinavyotegemeana. Mabwawa ya kuogelea ya maji ya bahari ya Leça da Palmeira, kaskazini mwa Ureno, yanastahili kusomwa vivyo hivyo. Yalisanifiwa na Álvaro Siza, mzaliwa wa Matosinhos, yakafunguliwa mwaka 1966.

Fani yake ni ya mkato: kuta za zege lisilopakwa rangi, mbao za rangi nzito, na miamba ya asili iliyoachwa iwe kingo za bwawa. Vyumba vya kubadilishia nguo viko chini ya barabara, hata macho ya mpita njia huvuka mapaa yake hadi upeo wa bahari. Hapo ndipo penye maudhui: asiye na tiketi hanyimwi bahari. Hoteli nyingi za ufukweni husema kinyume.

Kasoro ipo. Muogaji hupitishwa vijia vyenye giza kabla ya kuufikia mwanga. Taharuki hiyo humnogea mgeni. Mzazi mwenye watoto wadogo huenda akaona anazungushwa tu.

Hata hivyo, msanifu aliyejua kunyamaza mbele ya Atlantiki anatufaa hata sisi tunaofundisha insha.