Bisibisi Sikioni

Muuzaji aliisifia pikipiki yake kwa neno moja: kimya. "Sikiliza mwenyewe, haina kelele hata kidogo," aliniambia pale Nyawera, mjini Bukavu, na mimi nikasikiliza, nikaamini, nikahesabu dola. Tukaandikiana hati ya mauzo mbele ya mashahidi wawili, akanipa karte roze, yaani kadi ya pikipiki, na ufunguo uliolika meno. Nikaipeleka pole pole hadi eneo la Essence, kwa fundi mmoja mzee ambaye motari wote, yaani waendesha pikipiki, humwita Papa. Nilichotaka ni kidogo: anikazie nati, anibadilishie oili, kesho yake alfajiri nishike njia ya nyumbani Kamituga, kilomita 180 za barabara ambayo kila Mrega anaijua kwa mgongo wake.

Papa hakushika spana. Aliniambia niiache ikinguruma, akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kichwa cha injini, mpini akauegemeza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, akafumba macho. Mwanafunzi wake aliyekuwa akigonga chuma kando yetu alinyamaza bila kuambiwa. Muda ukapita. Alipofumbua macho alisema: "Hii piki iko kimya sana, mdogo yangu. Si muzuri."

Ilibidi anieleze, na maelezo yale ndiyo yaliyonifanya niupende ufundi huu hadi leo. Injini ndogo kama ile, ya cc 125, ina supape mbili, yaani valvu: moja huingiza hewa na mafuta, nyingine hutoa moshi. Kati ya supape na mkono unaoisukuma lazima ibaki nafasi ndogo mno, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka. Nafasi hiyo ndiyo inayolia tiki-tiki-tiki injini ikizunguka. Miezi inavyokwenda, supape hukila kitako inachokalia, ikazama, nafasi ikapungua, na sauti nayo ikapungua. Mwenye pikipiki hufurahi, akadhani mashine yake imetulia. Kumbe supape haifungi tena sawasawa. Ile ya moshi hutoa joto lake pale inapokaa kwenye kitako. Isipokaa vizuri, inaungua kidogo kidogo. Siku moja, katikati ya mlima, na mzigo nyuma, nguvu zinakwisha, na hakuna nati ya kukaza itakayozirudisha.

"Iache hapa ilale," alisema. "Supape haipimwi injini ikiwa na moto."

Asubuhi nilimkuta amekwisha kuondoa kifuniko. Alilegeza nati ndogo, akapitisha bamba la chuma jembamba kuliko ukucha, akakaza, akalivuta, akalegeza tena. Mara ya tatu akanipa mimi. "Vuta. Usiangalie, vuta tu." Nikavuta. Bamba lilikuja likisitasita, kama karatasi unayoichomoa chini ya kitabu kizito: haikwami, lakini haitoki bure. "Sawa," alisema, "vidole vyako vikumbuke hiyo." Vimeikumbuka. Kuna mambo mengi niliyosoma darasani miaka na miaka yakanitoka, lakini uzito wa bamba lile naweza kuusikia hivi sasa ninapoandika.

Bukavu ni mji wa milima na rasi zinazoingia ziwani. Kutoka kokote kwenda kokote lazima upande au ushuke. Barabara zake zimejaa TVS na Bajaj zinazotoka India, nazo zinafanya kazi ambayo huko zilikobuniwa sidhani kama kuna mtu aliyeiwaza: abiria watatu na mtoto, gunia la makaa na kitanda, jeneza. Pikipiki ya namna hiyo ikiuzwa haibadilishi jina tu kwenye karatasi. Inakuja na mazoea ya mtu, na kazi ya kwanza ya fundi ni kumjua mtu huyo bila kumwona.

Papa alimsoma vizuri kuliko nilivyomsoma mimi niliyepeana naye mkono. Alipofungua gurudumu la nyuma, viatu vya breki vilikuwa vimekwisha, na uso wake uking'aa kama kioo, umeungua. Vya mbele vilikuwa karibu vipya. "Aliogopa breki ya mbele," alisema. Halafu akanusa kile kiatu cha nyuma. "Na kwenye mteremko alizima moto." Ndivyo wengi wanavyofanya kuokoa mafuta: ukitoka Kadutu kuelekea ziwani unazima injini, unaiachia pikipiki iteleze kwa uzito wake, na kazi yote ya kuizuia inaangukia breki moja. Nilitegemea atamlaani. Alisema tu, "Alikuwa anatafutia watoto," akaweka viatu vipya, akavisugua kwanza kwa msasa ili vishike.

Huruma hiyo nimeikuta kwa mafundi wengi wazuri, na naiona kuwa sehemu ya ufundi wenyewe. Fundi anayemtukana mwenye pikipiki wa kwanza hufanya haraka kutafuta kosa, akilipata anaacha kutafuta. Papa aliendelea. Kutoka kwenye breki alikwenda kwenye mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, akausukuma huku na huku, ukacheza. Pale ndipo ilipojulikana kwamba ile keria iliyochomelewa vyuma vya ziada haikuwekwa kwa urembo. Mtu yule alikuwa akibeba mizigo mizito kwa muda mrefu, na uzito ulikuwa umekula bushi za ndani.

Buji, yaani plagi, ilitoka nyeusi, imejaa masizi makavu. Nilipomwambia kwamba pikipiki ilitumika Uvira kabla ya kuletwa huku, alitikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa jina alilokuwa akilitafuta. Uvira iko kando ya Tanganyika, ziwa lililo kama mita 770 juu ya bahari. Kivu iko karibu mita 1,460. Huku juu hewa ni nyepesi, na kabureta iliyozoea hewa nzito ya kule inaendelea kumimina mafuta yale yale kwa hewa iliyopungua. Injini inakula isichoweza kumeza. Tena chujio la hewa lilikuwa limeziba vumbi la bonde la Ruzizi, jeupe, laini kama unga. Alilikung'uta, akaliosha, akapunguza mafuta, akanituma nipande hadi juu na kurudi, akafungua buji tena. Tulifanya hivyo mara nne. Mara ya nne ilitoka na rangi ya kahawa yenye maziwa, akaishika juu, kwenye mwanga, akawaonyesha wanafunzi wake bila kusema neno.

Mengine yalikwenda upesi. Tairi la nyuma lilikuwa na kashata nzuri ndefu iliyonidanganya nilipoinunua pikipiki, lakini ubavuni, penye zile tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, lilikuwa na umri wa mwanafunzi wa shule ya msingi, na mpira wake umepasuka nyufa nyembamba. Likatupwa. Shene, yaani mnyororo, nayo: meno ya gia yalikuwa yamelalia upande mmoja, na Papa alikataa katakata kuniwekea shene mpya juu ya meno ya zamani, maana meno mabovu huiharibu mpya kwa wiki chache. Tukanunua vyote vitatu, shene na gia zake mbili. Tangi likamwagwa, likasuuzwa, mafuta mapya yakapitishwa kwenye kitambaa, kwa sababu njiani sisi hununua kwa Kadafi, wauza mafuta wa chupa na vibidoni, na huwezi kujua kibidoni kililala na maji gani.

Kwenye spoki alirudi kuwa mpole. Aliinua gurudumu, akalizungusha, akawa anagonga spoki moja moja kwa spana ndogo, akisikiliza. Iliyokaza inalia "ting". Iliyolegea inalia "tu". Akiisikia ile "tu", anaipa robo ya mzunguko, anagonga tena. Niliketi pale kwenye kibao, na ghafla nikamwona baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa mitambo wa SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya madini ya Kivu na Maniema, ikiwamo ile MGL ya wakoloni iliyochimba dhahabu kwetu Kamituga. Alikaa miaka mingi karibu na vinu vya kusaga mawe, na vinu vikachukua masikio yake. Nyumbani alikuwa na tabia iliyotuudhi sisi watoto: hakuamini kitu bila kukigonga. Sufuria mpya, jembe, mlango, hata tofali, alikipiga kwa kidole na kuweka mkono wake juu yake. Tulidhani ni uzee. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba alikuwa akisikiliza kwa mahali pengine palipobaki.

Nilimwambia Papa. Akasema aliyemfundisha yeye alitoka kwenye karakana za migodi, na ile ya bisibisi sikioni ilitoka kwake. SOMINKI ilipokufa katika miaka ya 1990, mashine zilibaki kwenye kutu, na watu waliozitunza walitawanyika na mikono yao. Wengine waliishia chini ya mti kama huu wa Papa, na kisanduku cha spana. Sijui kama kuna anayeuandika urithi huo. Unapita kutoka sikio hadi sikio, juu ya pikipiki za watu wasio na fedha za kununua mpya, na bila huo nusu ya Kivu ya Kusini ingekuwa haifikiki.

Nilikaa kwake siku tatu badala ya moja. Fedha nilizotenga kwa ajili ya zawadi za nyumbani zilibaki pale, karibu zote, na sikuzijutia. Asubuhi ya kuondoka alinipa maagizo mawili. Mugogo nisimame, niguse kitovu cha kila gurudumu kwa kiganja: joto la mkate ni sawa, joto la sufuria si sawa. Burhale nisimame tena, nikaze waya wa klachi alioubadilisha, kwa kuwa waya mpya hurefuka, na nipime shene: ichezee vidole viwili, si zaidi. "Aksanti, Papa," nilisema. Akajibu, "Usalimie baba."

Nilisimama Mugogo. Nilisimama Burhale. Baridi ya Walungu ilinipata kwenye vidole, kisha barabara ikaanza kushuka kuelekea msituni, na tope likaanza. Kulikuwa na malori mawili yaliyozama hadi kwenye ekseli, madereva wao wakipika ugali kando kama watu waliohamia pale. Sisi wa pikipiki tulipita ukingoni, miguu chini, gia ya kwanza. Ile miteremko mirefu niliishuka injini ikiwaka, breki mbili, mbele na nyuma, kidogo kidogo. Nililala Mwenga.

Siku ya pili mchana niliingia Kamituga nikiwa nimejaa tope hadi kwenye nyusi. Baba alikuwa ameketi kizingitini. Alinisalimu, akanishika kichwa, kisha akaizunguka pikipiki mara moja akiwa ameweka mikono nyuma. Akanionyesha kwa ishara niiwashe. Akaingia ndani, akatoka na bisibisi yake ya zamani, yenye mpini wa mti, akainama taratibu kwa sababu ya magoti, akaigusisha kwenye injini na kuuegemeza mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio.

Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Mama alitoka jikoni, akasimama.

"Ya moshi inalia," alisema baba. "Iachie vile vile."