Kaemon wa Sendai na Ujia wa Bashō

Siku ya nne ya mwezi wa tano, kwa kalenda ya zamani ya Kijapani, mwaka 1689, wasafiri wawili waliotoka Edo kwa miguu waliingia mji wa Sendai. Ulikuwa mkesha wa sikukuu, na wenyeji walikuwa wakipachika majani ya ayame kwenye mapaa ya nyumba zao ili kuondoa shari. Mmoja wa wasafiri hao alikuwa Matsuo Bashō, mshairi aliyekwisha kutajika. Wa pili ni mwanafunzi wake, Kawai Sora. Walimtafuta mshairi mmoja aliyejulikana katika mji ule, wasimpate. Aliyewapokea badala yake ni mchoraji aitwaye Kaemon.

Safari hiyo ndiyo iliyozaa Oku no Hosomichi, kitabu kilichochapishwa mwaka 1702, miaka minane baada ya Bashō kufariki. Aghalabu husifiwa kwa upweke wake: mshairi, fimbo yake, mvua na njia. Sifa hiyo ni ya haki, lakini si kamili. Sura ya Sendai, fupi kama ilivyo, inamwonesha msomaji kwamba jina lenyewe la kitabu limetoka mahali ambapo Bashō alifikishwa na mwenyeji.

Kwanza ieleweke kazi aliyokuwa nayo Kaemon. Ushairi wa Kijapani una desturi iitwayo utamakura, yaani mto wa shairi. Mto wa kulazia kichwa, si mto wa maji. Ni majina ya mahali ambayo washairi wameyategemea karne kwa karne: nyika hii kwa maua yake, kilima kile kwa mwezi wake. Wengi walioyataja hawakupata kufika huko. Waliyapokea majina kutoka kwa waliowatangulia. Basi majina yakadumu, na mahali penyewe pakapotea katika mashamba na vichaka. Kaemon alikuwa ametumia miaka akitafuta jina gani ni la ardhi ipi. Aliwatembeza wageni wake nyika ya Miyagino, akawapeleka Tamada na Yokono, akawapitisha katika msitu wa misonobari usiopenya jua, akawafikisha kwenye hekalu la Yakushidō lililojengwa mwaka 1607. Bila yeye, Bashō angepita juu ya mashairi aliyoyahifadhi tangu ujana, asijue kuwa anayakanyaga.

Wakati wa kuagana, Kaemon aliwapa michoro ya Matsushima na Shiogama, pamoja na jozi mbili za ndara zilizosukwa kwa mabua ya mpunga, kamba zake zimetiwa nili. Bashō akaijibu zawadi hiyo kwa shairi la mizani kumi na saba, tano kwa saba kwa tano. Ustadi wake umo katika kuhamisha kitu kimoja tu: ayame, ambayo mji mzima uliipandisha mapaani, yeye anaishusha miguuni, na rangi ya kamba za ndara inakuwa ndilo ua lake. Kinga ya mwenye nyumba imegeuka kinga ya asiye na nyumba. Msomaji aliyezoea kuona shairi likishiba kwa beti nyingi atashangaa jinsi mizani hiyo michache ilivyobeba shukrani, sikukuu na hofu ya njia kwa pamoja.

Akimsifu mwenyeji wake, Bashō anatumia neno shiremono, ambalo kwa asili ni mpumbavu, mtu asiye na akili. Mfasiri akiandika “mpumbavu wa sanaa” atamtukana Kaemon. Akiandika “mpenzi wa sanaa” atakuwa ameitoa chumvi. Kiswahili kina neno linalofaa: majinuni. Kaemon alikuwa majinuni wa mahali, na Bashō, aliyekuwa majinuni wa maneno, alimtambua mwenzake.

Lakini kitabu hakisemi yote. Shajara ya Sora, iliyochapishwa mwaka 1943, inaeleza kwamba Kaemon alileta pia mfuko wa wali mkavu, na kwamba asubuhi ya pili yake alirudi na mwani wa kuliwa. Inamtaja hata mtu mwingine, Jinbei, aliyekuja naye usiku ule. Bashō aliacha wali, akaacha mwani, akamwacha Jinbei, akabakiza ndara. Kwa chakula anasameheka, kwani shairi lilihitaji kamba za nili, si shibe. Kwa Jinbei lawama inabaki. Mtu aliyekuja usiku kuwaaga wageni hakustahili kufutwa ili mwenzake aonekane yuko peke yake.

Hata hivyo, deni kubwa zaidi Bashō amelilipa. Anaeleza kwamba walipoondoka waliufuata mchoro wa Kaemon, na mchoro huo ukawafikisha kwenye njia iliyopita ubavuni mwa mlima, penye majani ambayo wenyeji waliyasukia mikeka ya kumpelekea mtawala wao kila mwaka. Njia hiyo ndiyo iliyoitwa Oku no Hosomichi. Oku ni ndani kabisa, kule mbali kusikoonekana kutoka barazani. Hosomichi ni njia nyembamba. Kichochoro hakifai, kwa kuwa hicho ni cha katikati ya nyumba. Neno ni ujia: njia iliyofanywa na miguu ya watu. Bashō aliutwaa ujia mmoja wa wenyeji wa Sendai, akaupa safari yote ya kilomita zipatazo 2,400.

Mbele kidogo, katika mabaki ya ngome ya Taga, alisimama mbele ya jiwe lililochorwa maandishi mwaka 762, akalia. Aliliamini kuwa ni lile jiwe la Tsubo lililoimbwa na washairi wa kale. Wanaolichunguza leo wanasema silo. Je, machozi yale yalikuwa bure? Hapana. Alichokililia ni kwamba milima huporomoka na mito huhama, na bado neno lililochongwa hubaki. Jiwe la Taga, lililotangazwa hazina ya taifa mwaka 2024, lina ushahidi huo hata kama si lile alilolidhania. Jina lilikosewa, maana haikukosewa.

Sendai iliteketezwa kwa mabomu usiku wa Julai 10, 1945. Yakushidō ilinusurika. Mgeni anayefika leo anaweza kuzunguka peke yake na ramani mkononi, na asipotee. Lakini ramani haitamwambia ni wapi mtu alisimama miaka mingi akijiuliza kama nyika hii ndiyo ile. Hilo linataka mwenyeji, na mwenyeji anastahili kutajwa jina, kama Bashō alivyomtaja Kaemon, na kama alivyopaswa kumtaja Jinbei.