Subira ya Wes Craven

Scream 2, filamu ya mwaka 1997, inaanzia ndani ya ukumbi wa sinema uliofurika vijana. Wamegawiwa bure majoho meusi na vinyago vyeupe vya Ghostface, muuaji wa filamu ya kwanza. Wanapiga kelele, wanafukuzana kati ya viti, wanachomana visu vya plastiki. Mtazamaji anacheka nao, na kicheko hicho kimeshamficha muuaji. Kati ya vinyago vyote vile, ni kipi chenye kisu cha chuma?

Mwongozaji Wes Craven hana pupa. Phil, anayeigizwa na Omar Epps, anaingia chooni, anasikia mnong'ono upande wa pili, anatega sikio ukutani. Kisu kinapenya. Kisha mtu mwenye kinyago, amevaa koti la Phil, anakaa kando ya Maureen, mpenzi wa Phil, naye Maureen anamwegemea bila wasiwasi. Anapogundua damu kwenye koti, amechelewa. Akiwa amechomwa kisu, anajikokota hadi mbele ya skrini huku ukumbi ukimshangilia, ukidhani ni mbinu ya kuitangaza filamu. Mwigizaji wake, Jada Pinkett, anapewa muda wote anaouhitaji. Kelele zinapungua kidogo kidogo mpaka watu wanaelewa wanachokitazama. Sisi tuliocheka nao tunaona haya.

Subira hii inashangaza zaidi ukikumbuka kwamba filamu hii ilitoka kabla ya ile ya kwanza kutimiza mwaka. Tena, kurasa za muswada wa Kevin Williamson zilivuja kwenye intaneti, ikabidi hadithi iandikwe upya huku upigaji picha ukiendelea. Hata hivyo fumbo halikulegea: kila rafiki wa Sidney, mhusika mkuu, anabaki mshukiwa.

Lakini ufundi wenyewe naupenda zaidi kwenye gari la polisi. Askari wawili waliokuwa wakimlinda Sidney wameuawa, Ghostface ameshika usukani, na gari limegonga. Amezimia kwenye kiti cha dereva. Sidney na rafiki yake Hallie wamefungiwa nyuma: milango haifunguki, na mbele yao kuna wavu wa chuma. Craven anatuonyesha vizuizi hivyo kimoja kimoja, ili tujue sawasawa kila kitu kilipo. Wavu unasukumwa, unalegea, mwili unapenyezwa. Halafu tunaonyeshwa kilichobaki: njia pekee ni dirisha la dereva, na kulifikia ni lazima kupita juu ya muuaji.

Sidney anatangulia. Neve Campbell anaigiza kwa mikono na magoti. Kila anapopakanyaga amepapima kwanza. Mhariri Patrick Lussier anaturudisha tena na tena kwenye kinyago, nacho hakifanyi lolote. Sidney anatoka, na sasa safari ile ile tunaitazama upya, hatua kwa hatua, kwa sababu Hallie naye lazima apite. Mwongozaji mwenye haraka angekata hapa. Craven anamwacha Hallie apite njia nzima.

Wote wawili wako nje, wangeweza kukimbia. Hallie anamsihi waondoke, lakini Sidney anataka kujua ni nani aliye chini ya kinyago, nasi pia tunataka. Anarudi garini, anakuta kiti kitupu. Muuaji amejitokeza nyuma ya Hallie. Baada ya kungoja kote kule, kisu kinachukua sekunde chache tu.