Hakika na Hukumu: Mfano wa Wizi katika Nadharia ya Ayer

Katika kitabu chake Language, Truth and Logic, kilichochapishwa mwaka 1936, mwanafalsafa Mwingereza A. J. Ayer alizigawa kauli zenye maana katika mafungu mawili: zinazothibitika kwa maana ya maneno yake tu, kama zile za hisabati, na zinazoweza kupimwa kwa ushahidi wa hisi. Kauli za maadili hazikuingia katika fungu lolote. Kwa hiyo alishikilia kwamba hazielezi jambo, bali hudhihirisha hisia za msemaji na kuziamsha kwa msikilizaji.

Yafaa Ayer atendewe haki. Hakusema kwamba "jambo hili ni baya" ni sawa na "mimi silipendi". Kauli ya pili ni taarifa juu ya msemaji, nayo yaweza kuwa kweli au uongo. Ya kwanza, kwa maoni yake, ni mfano wa mguno, na mguno haukanushiki.

Udhaifu wa nadharia hii umo katika mfano wake mwenyewe. Ayer adai kwamba amwambiaye mtu kuwa alikosea kuiba fedha hasemi zaidi ya kuwa aliziiba. Huongeza karipio tu. Lakini kuiba si neno la hakika tupu. Kiswahili kina kuchukua, kuiba, kupora na kudhulumu. Kuchukua hakumhukumu mtu. Kuiba kumekwisha kumhukumu. Ayer aliitia hukumu katika sehemu aliyoiita hakika, ndiyo maana "kukosea" hakukuongeza kitu. Hata akisema "kuchukua mali ya mwingine bila idhini", bado mali na idhini ni maneno ya haki.

R. M. Hare, mwaka 1952, alijaribu kuuokoa mgawanyo huo kwa kutenga maelezo na agizo ndani ya neno moja. Philippa Foot alimpinga mwaka 1958 kwa mfano wa ufidhuli: akubaliye kwamba tendo linaudhi kwa kuonyesha dharau hana hiari ya kukataa kuliita la kifidhuli.

Hoja hizi hazitoshi kumshinda Ayer kuhusu maneno mapana kama wema na ubaya. Hata hivyo, mtunga kamusi anayefasiri kudhulumu kuwa ni kuchukua tu hajaondoa hisia za msemaji. Ameondoa maana ya neno.