Darubini Yenye Makengeza

Kabla ya kufungua darubini, fundi huzima feni. Ng'ambo ya Unguja mwezi wa Februari, kuzima feni si jambo dogo. Hufunga dirisha, hunyunyiza maji sakafuni vumbi litulie, hujifunga leso kwenye paji la uso jasho lisidondoke, kisha huosha mikono kwa sabuni mpaka viganja vikauke kabisa. Mafuta ya nazi aliyojipaka asubuhi ni adui. Alama ya kidole ikiachwa juu ya kioo katika joto la kwetu, taratibu huila ile rangi nyembamba ya zambarau iliyopakwa kwenye lenzi, na ikishalika hairudi.

Kwa asili yeye ni fundi saa. Watu walipoanza kutazama saa kwenye simu, bisibisi zake ndogo zilibaki na kazi ya darubini tu: za manahodha, za waliokuwa bandarini Malindi, za wazee wanaotoka kwenda ufukweni magharibi ya tarehe 29 Shaabani kuutafuta mwezi. Nyingi ni za Zeiss ya Jena, zile Jenoptem nyeusi za 8x30. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mwaka 1964, na urafiki ule haukuacha majengo ya Michenzani peke yake. Mpango wa prizimu uliomo ndani ni wa Mtaliano, Ignazio Porro, aliyeuandikishia hataza mwaka 1854. Jena waliuingiza sokoni mwaka 1894, na kwa miaka karibu 100 umbo lile halikubadilika kiasi cha kumpoteza fundi.

Ugonjwa anaoletewa mara nyingi ni wa darubini iliyoanguka. Kwa nje ni nzima. Ukiitazamia, vitu vinaonekana, ila baada ya robo saa kichwa kinagonga, na mwenyewe analaumu jua au miwani yake. Fundi huielekeza kwenye waya wa umeme ulio mbali, kisha huisogeza kidogo kidogo kutoka machoni. Waya ukigawanyika mmoja ukakaa juu ya mwingine, husema, "Hii ina makengeza." Mirija miwili haitazami tena mahali pamoja. Macho ya binadamu huvumilia kiasi yakivutwa kuelekea puani. Moja likivutwa juu na jingine chini, hayakubali hata kidogo. Tiba iko kwenye pete zinazoizunguka lenzi kubwa, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, anazozizungusha kwa upana wa unywele, anatazama waya, anazungusha tena. Nimewahi kuondoka kwenda kuswali alasiri nikarudi nikamkuta bado yuko kwenye pete ileile.

Lakini ninachotaka kukisifu zaidi ni penseli yake. Ndani ya kila mrija mna prizimu mbili, zimebanwa kwa ukanda wa bati. Kabla ya kuulegeza ukanda huo, huchora mstari mwembamba kuizunguka prizimu, na mshale wa kuonyesha uso upi ulielekea wapi. Ikirudi imepinda, picha nayo inainama: jahazi litaonekana limelalia ubavu wakati bahari ni shwari. Ndipo huinyanyua kwa kingo zake zilizokwaruzwa, pale pasipopita mwanga, na kuilaza juu ya kitambaa safi. Mara moja aliniita nitazame alipokuwa hajachora kitu. Mstari ulikuwapo tayari, umefifia, na mshale wake. Fundi fulani, labda wa Mombasa, labda wa hapahapa, alipita humo zamani akamwachia mwenzake njia. Hatukuizungumza sana. Alichukua penseli akaupitia upya.

Kuvu ni habari nyingine. Masika ikiingia, huota ndani ya lenzi, nyuzi nyeupe zikitoka ukingoni kwenda katikati, na kinachoilea ni ile ala ya ngozi ambayo watu huifungia darubini wakidhani wanaitunza. Ngozi hunywa unyevu na haiutoi. Ala zote za wateja wake zimetundikwa ukutani, tupu. Darubini zenyewe ziko kabatini penye mwanga, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ambavyo watu wengine huvitupa bila kujua ni mali.

Siku hizi wanaomjia ni vijana wanaotembeza wageni mbugani bara, wakirudi nyumbani likizo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Ulikuwa ukiifuta kwa nini?"

"Kwa fulana."

Vumbi la tambarare za Serengeti ni jivu la volkano, lililotupwa huko na milima kama Kerimasi na Ol Doinyo Lengai, na chembe zake ni ngumu. Kulisugua kwa fulana ni kupiga msasa. Kilichotakiwa ni kulipuliza kwanza kwa mpira, kisha brashi laini, na kitambaa mwisho kabisa. Kijana huyo amesomea ndege kwa majina yao ya kisayansi; hakuna aliyemfundisha kupuliza.

Na hata akijifunza ufundi wenyewe sasa, atafungua nini? Darubini mpya zimejazwa naitrojeni na kuzibwa ili zisiingie maji wala ukungu. Ni nzuri, sikatai. Zinaangaza kuliko Jenoptem yoyote. Ila fundi akiletewa moja huigeuza huku na huku, hufunga mkanda uliokatika, hubadilisha kikombe cha mpira kilichopasuka, kisha huirudisha, makengeza yake yakiwa palepale. Akiifungua, gesi itatoka na hana ya kuirudishia. Kiwanda kiko mbali, na nauli ya kuipeleka inakaribia bei ya nyingine. Kwa hiyo kijana hununua nyingine, ile yenye makengeza akampa mdogo wake achezee, na mtoto anaumwa kichwa nyumba nzima ikidhani ni malaria.