Pipi za Maziwa Bila Jiko: Ukidhibiti Maji, Umemaliza Kazi

Pastillas de leche, pipi ya maziwa ya Ufilipino, kwa njia yake ya mkato huhitaji vitu viwili tu: maziwa mazito ya kopo yenye sukari na maziwa ya unga. Unavikanda pamoja, unaviringisha, unakata vipande na kuvigaragaza kwenye sukari. Jiko halihusiki. Hata hivyo, chukua vipimo vilevile ukande Mbinga mjini mwezi wa Julai, kisha ukande Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, mwezi wa Februari mvua zikiwa zimekolea. Donge la Mbinga litakuwa gumu na litaanza kupasuka kingoni. La ziwani litanata vidoleni na vipande vitalala bapa kwenye sinia. Barabara ya lami kati ya miji hiyo miwili haifiki kilomita 70.

Tofauti hiyo haitokani na mkono wa mpishi. Pipi hii haikukwepa moto: moto ulishafanya kazi yake kiwandani, ukaondoa maji karibu yote ya maziwa. Mpishi wa nyumbani amebakiwa na jukumu moja, kuhakikisha maji hayo hayarudi. Akilielewa hilo, ataweza kuifanya pipi popote. Asipolielewa, atakuwa anabahatisha kila siku.

Moto ulikofanya kazi

Pastillas za asili zinahusishwa zaidi na mji wa San Miguel, jimbo la Bulacan, kaskazini mwa Manila. Huko maziwa ya nyati wa kufugwa, ambayo mafuta yake hukaribia mara mbili ya yale ya ng'ombe, hupikwa pamoja na sukari kwa moto mdogo huku yakikorogwa bila kupumzika mpaka yageuke donge. Wapishi wa pwani yetu wanaijua kazi hiyo kwa jina jingine. Labania za maziwa za Mombasa huanza na shira ya sukari jikoni, kisha huingia maziwa ya unga na iliki, zikamiminwa kwenye sinia na kukatwa zikishaganda.

Njia ya mkato iliwezekana baada ya viwanda viwili kuingilia kati. Mmarekani Gail Borden alipata hataza ya kukoleza maziwa mwaka 1856. Maziwa huchemshwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, hivyo maji hutoka kwa joto la chini na maziwa hayaungui. Sukari ikiongezwa, maziwa hayo hukaa ndani ya kopo kwa muda mrefu bila friji. Maziwa ya unga huenda mbali zaidi: hunyunyizwa kama ukungu ndani ya chumba cha hewa ya moto, na kila tone hukauka kabla ya kufika chini. Kilo moja ya maziwa ya unga yenye mafuta yake yote hutokana na lita nane hivi za maziwa.

Tupige hesabu. Kopo la maziwa mazito la gramu 390, likikandwa na gramu 390 za unga, limebeba maziwa ya takriban lita nne. Kuzifikisha lita hizo kwenye hali hiyohiyo nyumbani, mpishi angelazimika kuvukiza zaidi ya lita tatu za maji. Kwa jiko la kawaida la mkaa, linalopoteza sehemu kubwa ya joto lake, hiyo ni kama kilo moja na nusu ya mkaa, pamoja na saa nyingi za kushika mwiko. Huo ndio mzigo ambao kopo na unga vinamtua mpishi. Bei ya unga dukani ni kubwa kwa sababu, pamoja na maziwa, unalipia moto uliokwisha kuwashwa.

Kwa mtu wa Mbinga kuna faida ya pili. Mji uko karibu meta 1,300 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapo kwenye nyuzi 96 hivi. Mapishi ya pipi za kupikwa yaliyoandikwa kwa kipimajoto cha pwani, yanayotaka shira ifike nyuzi 115, yatamdanganya: shira itakuwa imekaza kupita kiasi kabla ya kipimajoto kufika hapo. Inambidi apunguze nyuzi nne hivi, au adondoshe shira kwenye maji baridi aone kama inafanya kijidonge laini. Pipi ya kukanda haihitaji hesabu hiyo ya kuchemka hata kidogo.

Kijiko kimoja cha maji

Maziwa mazito yenye sukari yana maji karibu asilimia 27. Unga mkavu una asilimia tatu hivi. Ukivichanganya uzito kwa uzito, donge linabaki na maji kama asilimia 15. Hicho ndicho kiwango kinachofaa: laini vya kutosha kuviringika, gumu vya kutosha kushika umbo.

Sasa tuseme bakuli halikufutwa vizuri, au mtu ameongeza kijiko kimoja cha chakula cha maji ili "kulainisha". Kuirudisha asilimia ileile, atalazimika kuongeza takriban gramu 100 za unga. Kijiko kimoja cha maji kimekula zaidi ya robo ya unga wa kopo zima. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya pipi hii ni kwamba maji hayaongezwi kamwe. Donge likiwa gumu, ongeza maziwa mazito kidogo kidogo.

Sheria ya pili ni kupima kwa mizani. Kikombe cha unga uliochekechwa na kikombe cha unga ulioshindiliwa havina uzito mmoja, na tofauti ya gramu 30 inaonekana mara moja kwenye donge.

Sheria ya tatu ni subira. Chekecha unga, weka nusu yake kwenye maziwa mazito, koroga, kisha ongeza uliobaki kwa mafungu. Donge likishikana, lifunike na kuliacha nusu saa kabla ya kuamua kama limekosa kitu. Chembe za unga huendelea kunywa maji taratibu. Donge linalonata kidogo mwanzoni mara nyingi hukaza lenyewe, na anayekimbilia kuongeza unga mapema huishia na pipi inayomeng'enyeka kama chaki.

Milimani na ziwani

Ziwa Nyasa liko chini kidogo ya meta 500. Kutoka Mbinga mjini hadi ufukweni unashuka zaidi ya meta 800, na kwa kanuni ya kawaida ya hewa, joto hupanda kwa nyuzi tano hivi. Nyuzi hizo tano zina maana kubwa kwa mafuta ya maziwa, ambayo huanza kulainika katika joto la kawaida la chumba na kuyeyuka karibu yote yafikapo nyuzi 35. Asubuhi ya Julai milimani Mbinga mafuta hayo ni magumu, na donge linataka kukandwa kwa muda mrefu mpaka joto la viganja liyalegeze. Mchana wa Novemba kando ya ziwa, Liuli au Lituhi, mafuta yako karibu kuyeyuka, na donge zuri kabisa litaonekana limeharibika. Dawa yake ni kukanda alfajiri au usiku.

Unyevu wa hewa ni mgumu zaidi kuliko joto, kwa kuwa hauonekani. Sukari asilia iliyomo kwenye maziwa ya unga imekauka ghafla kiasi kwamba haikupata nafasi ya kujipanga kuwa fuwele, na katika hali hiyo hunyonya maji ya hewani kwa pupa. Pakiti iliyofunguliwa na kuachwa kabatini majira ya masika hufanya mabonge. Ikiwa unga umepanda kutoka asilimia tatu hadi sita za maji, gramu 390 zimeongeza karibu gramu 12, nazo ni pungufu kidogo tu ya kile kijiko cha maji tulichokizungumzia. Mpishi wa Mbamba Bay hakuongeza kitu. Hewa ndiyo iliyomwongezea.

Kwa hiyo ufukweni, masika yakiwa yamekolea, anza na unga wa pakiti inayofunguliwa siku hiyohiyo, na uongeze gramu 30 hadi 40 kwa kila kopo. Milimani, wakati wa baridi kavu, fanya kinyume: punguza kiasi hichohicho cha unga na ufunike donge muda wote.

Vazi la pipi nalo libadilike. Sukari ya mezani huanza kuyeyuka yenyewe hewa inapofikia unyevu wa asilimia 85 hivi, hali ambayo si ngeni usiku wa masika kando ya ziwa. Kinachobaki ni utelezi wa shira. Mkoa wa Ruvuma una jibu lake: ufuta uliokaangwa, au karanga zilizokaangwa na kutwangwa. Mafuta yake hayavuti maji, na vazi hubaki kavu pale sukari inaposhindwa.

Ladha ya hapa

San Miguel hukwangulia ganda la ndimu kwenye donge. Hapa fanya hivyohivyo, ukichukua kijani cha juu tu. Maji ya ndimu yaache: yanaleta maji, na asidi yake hukatisha maziwa. Iliki iliyosagwa ikiwa kavu inafaa. Kahawa ya Mbinga inafaa kuliko zote, kwa kuwa uchungu wake unakata utamu ambao bila hivyo huchosha haraka. Tumia kahawa iliyosagwa laini sana, kijiko kimoja cha chai kwa kopo, ukiichanganya na unga kabla ya kukanda. Kahawa iliyochemshwa ni maji tu yenye rangi nzuri.

Usafi na kiasi

Maziwa ya kopo na ya unga yalishapitishwa kwenye joto, na sukari nyingi ndani ya maji machache huwanyima bakteria nafasi ya kuzaliana. Baada ya hapo hatari ni mikono na ukungu. Hakuna moto mwishoni wa kurekebisha uchafu, hivyo nawa kwa sabuni, kausha viganja kabisa, na usikande ukiwa na kidonda. Fungia pipi kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana. Ufukweni tengeneza za kuliwa ndani ya siku chache.

Kiasi kina uzito wake pia. Watu wazima wengi wa kwetu hawasagi vizuri sukari ya maziwa. Kipande cha gramu 15 kina gramu tatu na nusu hadi nne za sukari hiyo, na wengi wenye tatizo hilo huvumilia gramu 12 hivi kwa mkao mmoja. Vipande vitatu vinatosha. Anayeuza shuleni au stendi na amwambie mteja hivyo waziwazi.

Nawasihi akina mama na vijana wanaofikiria biashara hii kati ya Mbinga na Nyasa: fedha ya kwanza inunue mizani ndogo ya jikoni na vyombo vyenye mifuniko ya kubana. Halafu andikeni daftarini uzito wa unga kwa kila mwezi, milimani na ziwani. Mwaka ukipita, daftari hilo litakuwa na mapishi ambayo hayako San Miguel wala Mombasa, kwa kuwa yamepimwa kwa hewa ya hapa.