iPhone ao Android: ulizo letu halifai

Wandugu wahitimu, kila mara telefone ya mmoja wetu inapochoka, mabishano ni yale yale. Huyu anasema: "Tafuta iPhone, batu batakuheshimu." Mwingine anajibu: "Hapana, Android njo ya watu wote." Binafsi naona pande zote mbili zinakosea ulizo. Telefone ya mtu anayetafuta kazi si mapambo. Ndani yake muko picha za diplome, barua-pepe za waajiri, WhatsApp na pesa yake. Kwa hiyo ulizo la kwanza liwe hili: telefone hii imebakiza miaka mingapi?

Telefone haifi kwa kuvunjika tu. Inakufa pia wakati mtengenezaji anaacha kuisasisha. Mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone 5s, 6 na 6 Plus, na kwenye Android zilizo chini ya toleo la 5.0. Ekra inaweza kuwa nzima, batri inashika, lakini ujumbe hauingii tena. Mwenye kununua iPhone ya zamani sana juu ya lile tofaa la nyuma, amenunua jina, miaka hakununua.

Tuseme haki: Apple inatengeneza mashine na programu yake yenyewe, ndiyo maana masasisho yanaendelea muda mrefu. iPhone 6s ya mwaka 2015 ilipata iOS 15 mwaka 2021. Lakini iPhone haina nafasi ya kadi ya memori, na tangu iPhone 12 chaja haimo tena ndani ya sanduku. Tena, wenye ndugu Marekani wasikilize vizuri: tangu iPhone 14, zinazouzwa kule hazina pa kuingizia kadi ya SIM, zinatumia eSIM tu. Kama M-Pesa ao Airtel Money yako iko kwenye kadi, uliza kwanza kampuni yako ya simu kabla ndugu hajatuma zawadi.

Upande wa Android, Google inaacha watengenezaji wengi watumie mfumo wake. Njo sababu tunapata Tecno, itel na Infinix za bei ya chini, zenye SIM mbili na kadi ya memori. SIM mbili kwetu si anasa, maana mtandao mmoja ukianguka unaruka kwenye mwingine. Ubaya ni kwamba kila mtengenezaji anapanga masasisho yake. Samsung iliahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024. Telefone nyingi za bei ndogo hazina ahadi kama hiyo. Kusema tu "nanunua Android" hakutoshi basi.

Wengine watanipinga: "Lakini watu wanakuhukumu kwa telefone." Ni kweli, inatokea. Ila heshima ya namna hiyo haikulipii mega, wala haikurudishii faili zako siku mashine inagoma.

Shauri langu: gawanya bei kwa miaka ya masasisho iliyobaki. Ya dola 120 iliyobakiza miaka 2 inakula dola 60 kwa mwaka. Ya dola 200 yenye miaka 5 inakula 40. Ile ya bei kubwa njo rahisi! Kama imekwisha kutumiwa, muuzaji aondoe akaunti yake ya Apple ao ya Google mbele ya macho yako, la sivyo inaweza kukufungia mlango. Tazama pia hali ya batri, na uulize kama fundi wa mtaani kwako anapata vipuri vyake.

Kwa wengi wetu, hesabu hiyo itaangukia Android mpya ya bei ya kati. Mwenye uwezo wa iPhone ya karibuni, achukue bila haya. Lakini kukopa pesa kwa ajili ya iPhone iliyokwisha kuachwa na mtengenezaji wake, hapo nasema hapana.